Kiti cha Mzee, Nta na Mkia wa Kondoo

Kwetu Dongobesh baiskeli ya mzee haiuzwi. Hufa kipande kipande. Kengele hutangulia, maana hakuna mtoto anayeiona akaiacha. Inafuata dinamo na taa yake. Keria huazimwa na jirani wakati wa mavuno, na hairudi. Gurudumu la mbele huenda kwenye toroli, cheni hufungia mlango wa zizi. Fremu husimama nyuma ya nyumba miaka na miaka, kuku wakiifanya kitanda. Kinachobaki mwisho, ambacho hata mwizi hakigusi, ni kiti.

Cha baba yangu nilikikuta stoo mwaka jana, mwezi wa sita, kimetundikwa kwa waya kwenye boriti. Kilitoka kwenye Raleigh ya inchi 28, ile ya breki za fito, aliyoinunua mwaka 1967 akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Mbulu ni nchi ya miinuko, na mtu mkweli atakwambia kwamba baiskeli ya huku nusu ya safari hupandwa na nusu husukumwa. Ile nusu ya kupandwa, baba aliifanya juu ya kiti hicho kwa zaidi ya miaka 30. Sasa ngozi ilikuwa kavu kama kibuyu. Katikati imebonyea, mashavu mawili yametanuka kwa nje, panya wameonja ukingo wa kushoto, na ukiigonga kwa ukucha inajibu kwa sauti ya ubao. Nilipofuta vumbi ubavuni herufi zikajitokeza: Brooks, na chini yake, England.

Kabla sijamsifu mtu mwingine, sharti nikiri kosa langu. Hicho hakikuwa kiti cha kwanza kupita mikononi mwangu. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kingine, cha baiskeli ya mjomba, nami kwa ujuaji wangu nikakimiminia nusu chupa ya mafuta ya alizeti, nikakianika juani ili kinywe vizuri. Kilikunywa. Wiki iliyofuata kilikuwa laini kama mlenda. Ukikikalia kinazama mpaka chuma cha chini kinakugusa mahali ambapo chuma hakitakiwi. Nilikifukia kwenye shimo la takataka, na mjomba mpaka leo hajui.

Kwa hiyo cha baba nilikipeleka kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni viatu. Hataki jina lake liandikwe. Anasema watu aliowacheleweshea viatu vyao wanatosha kumtafuta. Anafanyia kazi nyumbani kwake, barazani, kwenye kigoda, na fuawe yake ni kipande cha ekseli ya Land Rover kilichochimbiwa ardhini katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kiti au umeniletea maiti?"

Alikipokea, akakigeuza. Upande wa juu, ule ambao mimi nilikuwa nimeukodolea macho kwa siku mbili, hakuutazama kabisa. Alitazama chini, kwenye upande wa nyama wa ngozi, akaupitishia kidole gumba kutoka pua hadi nyuma, akanusa. Kisha akakagua ribiti moja moja: sita za nyuma, tano za mbele. Akanionyesha nyufa za juu. Zilikuwa nyingi, nyembamba, kama tope la bwawa lililokauka, lakini hakuna hata moja iliyotokea upande wa pili. "Hiki kina kiu," alisema. "Hakijafa." Kiti kilichokufa, nilikuja kujifunza, ni kile ambacho ufa umevuka hadi chini, au ngozi imechanika kuzunguka ribiti. Mafuta hayaungi kilichochanika.

Ili uelewe kwa nini ribiti ndizo roho ya kitu hiki, inabidi ujue kinavyofanya kazi. Kiti cha ngozi cha namna ya zamani hakina sponji ndani wala mto wowote. Ni kitanda cha kamba. Kuna fremu ya chuma yenye springi nyuma, na juu yake ngozi nene ya milimita tano hivi imewambwa kati ya ncha mbili, pua na nyuma, katikati ikining'inia hewani. Uzito wako unabebwa na mvutano. Na kama vile kitanda cha kamba kinavyolegea kikahitaji kukazwa upande wa miguuni, kiti nacho kina bolti chini ya pua ya kukivuta tena. Ndiyo maana kikishatumika miezi michache kinamfuata mwenyewe: mifupa miwili ya makalio huchimba vishimo viwili vyake, na kuanzia hapo mtu mwingine akikipanda atahisi amekaa kwenye kitanda cha watu.

Waliobuni mambo haya walikuwa watu wa farasi. John Boultbee Brooks alifungua karakana ya ngozi na hatamu za farasi mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1866. Kampuni yake husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, na kiti chake kikamtesa kiasi kwamba aliapa kutengeneza kingine. Hati yake ya kwanza ya ubunifu wa kiti ni ya mwaka 1882. Sisi wa Mbulu tulio na punda tunaweza kumcheka, maana tandiko la punda wetu ni gunia, na punda hajalalamika. Lakini ukikitazama kiti cha baba kwa makini unaona mkono wa mshona hatamu: ngozi ile ile, ribiti zile zile, na ule ukingo ulionolewa ukang'arishwa mpaka hauchubui paja.

Kitu cha kwanza mzee alichofanya kilinishangaza. Mtu akiona ngozi imebonyea hukimbilia bolti ya pua, akaikaza mpaka ngozi inalia. Yeye aliilegeza. Aliidondoshea mafuta ya taa, akaiacha usiku kucha, na asubuhi akaizungusha taratibu kwa spana nyembamba aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye bapa la chuma, kwa sababu spana ya kawaida haipenyi pale. Ngozi kavu ikivutwa, alisema, haivutiki. Inakatikia kwenye ribiti. Kwanza ipumzike.

Kisha akakiosha. Nasema kukiosha, lakini maji yaliyotumika hayakujaza kikombe cha chai. Mswaki mkuukuu, kipande cha sabuni ya mche, kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Alilipaka povu tu, mahali padogo padogo, akapangusa kabla halijazama. Kitambaa kilitoka cheusi mara nne, mara ya tano kikatoka na rangi ya kahawa, hapo akaacha. Akakitundika kivulini, upande ambao upepo unapita na jua halifiki. Ilikuwa baridi ile ya Julai, ukungu unashuka Mbulu mpaka saa nne asubuhi. Nilikwenda siku ya kwanza, akanijibu, "Bado." Siku ya pili, "Bado." Siku ya tatu hata hakunijibu, alinionyesha kigoda nikae.

Katika kukaa kwangu nilimuuliza kuhusu alama nyeusi zilizozunguka ribiti mbili za nyuma, kama pete za wanja. Nilidhani ni uozo. Alichukua ndizi mbichi, akaikata kwa kisu cha chuma cha kawaida, akaniambia nitazame. Baada ya muda kisu kilikuwa na weusi ule ule. Ngozi hii, tofauti na ngozi laini za viatu vya siku hizi, ilitengenezwa kwa magome ya miti, na magome yana tanini, kile kile kinachokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ndiyo inayoshikana na nyuzi za ngozi mbichi zisioze tena. Ikikutana na kutu ya chuma hugeuka nyeusi. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo pete ile nyeusi ilikuwa inatoa taarifa: ribiti mbili hizi si za shaba, ni za chuma, na zimeanza kutu. Kuna mtu alishawahi kukitengeneza kiti hiki kabla yetu, akaweka alichokuwa nacho. Huenda ni baba mwenyewe.

Tanini tunayo nchini tele. Njombe kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya kukamua dawa hiyo kutoka kwenye magome. Mwati hautengenezi ngozi ya kiti peke yake. Soli nzuri za viatu nazo hutoka huko huko. Nalitaja hili kwa sababu litarudi.

Siku ya nne ndipo yalipokuja mafuta, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo nilipokosea mara ya kwanza.

Kampuni ya Brooks huuza kopo dogo la dawa ya kupaka viti vyake. Ukisoma vilivyomo utakuta mafuta ya mnyama, nta ya nyuki, mafuta ya samaki, na mafuta yenye harufu yanayokamuliwa kwenye nyasi za ukoo wa mchaichai. Mzee hajawahi kuliona kopo hilo. Yeye ana mkebe wa maziwa ya unga, na ndani yake kuna mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa, yaliyochanganywa na nta. Mafuta sehemu tatu, nta sehemu moja. Msimu wa joto anaongeza nta kidogo. Kondoo hao wenye mikia minene wako kila mnada, Katesh, Haydom, kokote. Nta anaipata kwa warina asali. Kwa hesabu yangu, kinachokosekana kwenye mkebe ule ni ile harufu na samaki tu, na kwa samaki Ziwa Balangida lina chumvi, halimsaidii.

Alichota kwa ncha ya kidole kiasi cha punje ya harage. Akapaka chini, kwenye upande wa nyama. Upande wa juu wa ngozi umefunga, alisema, ule wa chini ndio unaokunywa. Akasugua mpaka kidole kikapata joto. Punje nyingine, mahali pengine. Kwa kiti kizima hakutumia kijiko cha chai. Mimi niliyemimina nusu chupa nilikuwa namtazama kwa aibu. Akakitundika tena siku mbili. Siku ya tatu akarudia, robo ya kiasi kile. Ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, kutoka kijivu cha vumbi kwenda hudhurungi, na nilipoigonga kwa ukucha haikujibu tena kama ubao.

"Tuongeze?" niliuliza.

"Ukiongeza unashona sketi."

Alikuwa na maana yake. Mzee huyu amekulia upande wa Hanang, na utoto wake aliupitisha akiwaona wanawake wa Kibarbaig wakishughulikia ngozi. Mke wa Kibarbaig kwa desturi ana sketi ya ngozi, vazi la heshima la ndoa. Ngozi mbichi hukwanguliwa, husuguliwa, hupakwa samli, hukunjwa na kukunjuliwa kwa mikono, siku kwa siku, mpaka inakubali kuanguka mwilini kama kitambaa. Wairaqw nao walikuwa na sketi zao za ngozi zilizorembwa kwa shanga, na baadhi zimo leo kwenye makumbusho za nje, nyuma ya vioo. Wote walijua kile ambacho mimi sikukijua: mafuta hayaifanyi ngozi iwe nzuri, yanaifanya iteleze. Nyuzi za ndani zikipata mafuta zinapitana bila kukwaruzana. Sketi inataka nyuzi zipitane sana, ili icheze mwenye kuivaa anapotembea. Kiti kinataka zipitane kidogo tu, zisivunjike, halafu zisimame. Mkebe ni mmoja. Anayejua kuacha kwenye punje ya harage ana kiti, anayeendelea ana sketi, nami nilikuwa na mlenda.

Nimewaona mafundi wengi wenye kasi, na kasi hupendeza kuitazama. Lakini sijamwona mwingine ambaye ustadi wake uko kwenye kuufunika mkebe.

Bado kulikuwa na umbo la kurudisha. Ule ubonyevu wa katikati na mashavu yaliyotanuka havitoki kwa mafuta. Hapa mzee alitumia maji, ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na akaniapisha nisithubutu kuyachemsha. Ngozi ya magome iliyolowa ikifika nyuzi joto 70 hivi inajikunja na kusinyaa kama nyama kwenye kikaango, na hairudi. Alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya kiti kwa muda wa kunywa chai, akakiondoa, akasubiri.

Waswahili tunao msemo: ngozi ivute i maji. Tunawaambia wazazi, tukikusudia mtoto alelewe angali mdogo, na wengi tunaousema hatujawahi kuvuta ngozi. Nilimtajia. Akacheka, akasema aliyetunga ni mtu wa ngoma, si mtu wa viti. Ngoma huwambwa ngozi ikiwa imelowa chepechepe, ikikauka inajikaza yenyewe. Ngozi ya kiti ukiivuta ikiwa maji inanyooka kupita kiasi, na ikikauka inabaki pana, imelegea. Lazima ungoje maji yaondoke na unyevu ubaki. Rangi yake ya juu iwe imerudi kama ya ngozi kavu, lakini ukiigusa iwe baridi. Na kuigusa huko hakufanyiki kwa vidole, maana vidole vya fundi vina sugu. Alikiinua kiti cha baba yangu akakiweka shavuni, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri iliyokwisha. "Bado." Baada ya dakika kumi akakiweka tena. "Sasa."

Kuanzia hapo mikono ilikwenda haraka. Alisukuma ubonyevu kutoka chini kwa kibao alichokichonga mfano wa mgongo wa samaki, akayarudisha mashavu ndani kwa viganja, kisha akachukua tyubu ya baiskeli iliyochanwa kuwa utepe mrefu, akaanza kuzungusha kutoka pua kwenda nyuma, kila mzunguko ukipanda nusu ya ule uliotangulia, kama anayefunga mguu uliovunjika. Mpira unafaa kuliko kamba: haukati, na ngozi inapopungua wakati wa kukauka mpira nao unaifuata. Tyubu ni kitu ambacho nchi hii inakifungia kila kitu, mizigo, kuni, manati, mabomba yanayovuja; sijawahi kuiona ikifungwa kwa adabu kama ile. Siku nne kivulini.

Ribiti za chuma alizing'oa siku ya tano. Alizisaga vichwa kwa tupa, akazisukuma zitoke, na tundu hakulipanua hata kidogo. Za kuweka badala yake alizitengeneza kwa waya mnene wa shaba wa umeme: kipande kifupi, kichwa kimoja kimefuliwa kikawa kama uyoga, washa ndogo, halafu upande wa pili unafuliwa ikiwa tayari imo ndani. Hapigi kwa nguvu. Anapiga pembeni pembeni, mapigo madogo mengi, akizungusha, na sauti inapanda taratibu jinsi shaba inavyobana. Ikifika mahali fulani anaacha. Nilipiga moja mimi. Ilipinda. Akaikata, akaniambia shaba haikasiriki, nifanye nyingine. Ya tatu ndiyo iliyokubaliwa, na ukikitazama kiti leo, nyuma, ya pili kutoka kulia, ndiyo ile yenye uso ulioinama kidogo.

Springi hazikuwa na hadithi: msasa, majivu, mafuta kidogo, basi. Ukingo ulioliwa na panya aliunyoosha kwa kisu, akaulowesha, akausugua kwa kipande cha mfupa na nta mpaka ukang'aa. Bolti ya pua aliikaza mwisho kabisa, nusu mzunguko.

Barazani kwake kulikuwa na kiti kingine, cha baiskeli ya Phoenix, ambacho ngozi yake ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki fremu. Mwenyewe alitaka kuwekewa ngozi mpya. Kwa kutaka kusaidia nilinunua mjini kipande cha ngozi nyeusi, nene, ya kupendeza. Mzee alikikunja kikakunjika kama shati, akanirudishia. Ngozi nyingi za sokoni leo hutengenezwa kwa kromu. Ngozi hiyo hukaa kwenye dawa siku moja badala ya wiki kadhaa, ni laini, inafaa kwa mikoba na viatu, lakini haishiki umbo. Ukiiwamba kwenye fremu ya kiti unapata machela. Alichotaka yeye ni ngozi ya soli, ile ngumu ya magome, ambayo fundi viatu wa umri wake anaijua kama mkulima anavyojua mbegu. Siku hizi soli ni mpira na plastiki, kwa hiyo vipande vya soli ya ngozi anavihifadhi sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Niliuliza swali la kijinga: ng'ombe wote hawa tulio nao? Wilaya mbili hizi, Mbulu na Hanang, ni nchi ya ng'ombe tangu hazijawa wilaya. Alinijibu kwa kuhesabu vidoleni. Ng'ombe wetu wa asili ni mdogo na ngozi yake ni nyembamba. Milimita tano unaipata kwa dume mzee tu, na hapo ni mgongoni kuelekea mkiani, siyo tumboni. Mahali hapo hapo ndipo wenye ng'ombe wanapopenda kumpiga chapa ya moto. Kupe wanatoboa. Mchunaji naye ana haraka, kisu kinaacha mikwaruzo upande wa ndani, na ngozi inaanikwa chini, juani, mpaka inakuwa bati. Kufikia hapo hakuna magome yatakayoiokoa. Mambo haya yanafundishwa: Mwanza kuna chuo cha teknolojia ya ngozi, ambacho sasa ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na tuna sheria ya biashara ya ngozi ya mwaka 2008. Ila nimesimama kwenye machinjio zaidi ya moja nikaona ngozi zimerundikwa kwenye matope kama kitu kilichokosa mwenyewe, na siwezi kudai kwamba nimeona mafundisho hayo yakifika kwenye kile kisu.

Kiti cha Phoenix alikifanya kwa soli. Aliizamisha kwenye beseni mpaka mapovu yakaacha kupanda, ishara kwamba hewa ya ndani imekwisha, akaiacha usiku imefungwa kwenye gunia, akaijaribu shavuni, akaiwamba juu ya fremu kwa kamba, akaipiga kwa mgongo wa chupa ya soda ifuate umbo. Siku tatu. Kisha ribiti. Kilitoka cheupe, kikali, cha kutisha kukalia. Mwenyewe aliambiwa itamchukua miezi kukizoea, na kwamba kati ya yeye na kiti lazima mmoja akubali kwanza.

Kazi ya kiti cha baba ilichukua wiki tatu. Mikono ya mzee ilikuwa juu ya kiti kwa jumla ya saa sita, labda saba. Muda mwingine wote kilikuwa kinaning'inia. Alinitajia bei ya kubadilisha soli jozi moja. Nilipotaka kuongeza alisema hawezi kunitoza kwa siku ambazo upepo ndio uliofanya kazi.

Sasa bodaboda zimejaa, na kijana wa Dongobesh anayetaka kufika Haydom hapandi baiskeli. Lakini mtoto wa dada yangu ana baiskeli ya Hero ya kubebea maziwa, na kiti chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka, sponji inanyonya mvua na kumlowesha asubuhi nzima. Tukamfungia cha babu yake. Siku ya kwanza alirudi akisema kimeinama kushoto. Tulikikagua, hakijainama. Baba alikuwa na nyonga ya kushoto iliyoumia utotoni, akikaa alikuwa anaegemea upande huo, na mafuta, maji, tyubu na nyundo havikuweza kuliondoa shimo lake. Kijana amekwisha kulizoea. Mvua ikinyesha anakifunika kwa kipande cha tyubu ya trekta alichokikata mfano wa kofia, maana mfuko wa plastiki, ambao baba alikuwa akiutumia, umepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Msomaji, kama kwenu stoo kuna kiti cha namna hii, usikitupe, na tafadhali usikitie mafuta leo. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, kilegeze bolti ya pua kama inakubali, kitundike mahali penye kivuli na upepo. Kisha mtafute fundi viatu mwenye mvi ambaye bado ana soli ya ngozi sandukuni, umpelekee kikiwa bado kavu. Ukichelewa sana atakuwa ameshaacha kazi; huyu wetu ana miaka 78.